Dubu Wanaosubiri Bao

Jumapili ya tarehe 5 Januari 2025, watu wa Hershey, mji wa chokoleti katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, walikwenda kutazama mchezo wakiwa wamekumbatia dubu. Si dubu wa msituni. Ni wale wa manyoya bandia waliojazwa pamba, ambao watoto hulala nao. Timu ya mji huo, ambayo nayo inaitwa Bears, yaani Dubu, ilikuwa ikicheza mpira wa magongo wa barafuni, na umati wote ule ulikuwa ukingoja kitu kimoja: bao la kwanza la wenyeji. Bao lilipoingia, wanasesere walianza kumiminika kutoka kila upande wa jukwaa kama mvua ya masika, mpaka weupe wa barafu ukafunikwa. Walipokuja kuhesabiwa walikuwa 102,343. Ukumbi wenyewe una viti kama 10,500. Piga hesabu: karibu dubu kumi kwa kila kiti.

Hakuna aliyekamatwa. Waamuzi walisogea pembeni, wachezaji wakapisha, wakaingia watu wenye mifuko mikubwa na kuanza kuzoa, maana dubu hao hugawiwa watoto kupitia mashirika ya hisani.

Kwa shabiki wa Afrika Mashariki, aliyezoea kusikia klabu imelimwa faini kwa sababu ya chupa za maji zilizotua uwanjani, hili linashangaza. Inakuwaje mchezo wenye sheria kali, wenye matangazo ya biashara yaliyopangwa kwa dakika, ukubali kufukiwa na midoli? Jibu halimo katika ukarimu wa Wamarekani wala katika mapenzi yao kwa watoto. Limo katika saa. Waliobuni jambo hili walijua ni sekunde gani ya mchezo inayoweza kuazimwa bila mwenyewe kulalamika.

Saa inayosimama

Mpira wa magongo tunaoufahamu zaidi huku kwetu ni ule wa kwenye nyasi. Huu wa barafuni ni ndugu yake mwenye haraka. Wachezaji sita kila upande, golikipa akiwemo, hukimbizana kwa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kisichozidi upana wa kiganja. Uwanja una urefu wa mita 61 hivi na umezungushiwa ukuta. Mchezo ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, na mapumziko mawili katikati.

Tofauti kubwa na soka ni saa. Kwenye soka saa inakwenda hata mtu akiwa amelala chini anashika goti. Refa ndiye atakayefidia mwishoni kwa kadiri aonavyo. Kwenye barafu, filimbi ikilia saa inasimama, na haiendi tena mpaka kisahani kidondoshwe upya kati ya wachezaji wawili. Dakika 60 zile ni za mchezo mtupu. Kwa hiyo anayerusha dubu wakati saa imesimama hajaiba hata nukta moja ya mchezo. Anachoweza kuiba ni kingine: joto la miguu ya wachezaji, kasi ya timu iliyokuwa imeshika usukani, na subira ya wageni wenye safari ndefu ya basi usiku huo.

Kwenye ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, kila kipindi kina vituo vitatu vya matangazo ya televisheni. Vinaangukia kwenye filimbi ya kwanza baada ya saa kuonyesha zimebaki dakika 14, kisha 10, kisha 6. Hata hivyo, kituo hicho hakichukuliwi mara tu baada ya bao, kwa sababu wakati huo uwanja uko moto na hakuna anayetaka kuupoza. Hapo ndipo pana mvutano wote wa habari hii. Dakika ambayo watangazaji wa biashara wanakatazwa kuigusa ndiyo hiyo hiyo ambayo wenye dubu wanaitaka.

Beki aliyefungua njia

Mambo yalianzia Kanada. Tarehe 5 Desemba 1993, klabu ya vijana ya Kamloops Blazers, katika jimbo la British Columbia, iliwaomba mashabiki waje na wanasesere na kuwarusha barafuni timu yao itakapofunga bao la kwanza. Wazo lilikuwa la Don Larson, mkuu wa masoko wa klabu. Aliyefunga bao hilo alikuwa Brad Lukowich, beki, mtu ambaye kazi yake ni kuzuia mabao kuliko kuyafunga. Wakaokotwa wanasesere kama 2,400, na tangu siku hiyo mchezo wa kutupa dubu umeenea kwenye ligi za vijana na ligi za daraja la kati kote Kanada na Marekani, hasa Desemba, Krismasi inapokaribia.

Larson angeweza kuweka kapu mlangoni. Makapu ya mlangoni yapo kila mahali, na watu huyapita macho yakiwa kwenye simu. Angeweza pia kungoja mapumziko, lakini mapumziko ndiyo wakati wa foleni ya choo na ya chakula, nusu ya viti vikiwa vitupu. Yeye alichagua bao. Bao linasimamisha mchezo lenyewe, bila kuombwa. Wachezaji wanakumbatiana, saa imelala, kila mtu amesimama na mikono iko juu tayari. Mkono ulioinuliwa kushangilia hauhitaji nguvu nyingi kumwachia dubu aliyemo.

Jina la Kiingereza la dubu huyu wa manyoya bandia, teddy, linatokana na Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti huko Mississippi mwaka 1902. Mchora katuni akaisambaza habari hiyo, na wauza midoli wakaidaka. Huruma hiyo haikuvuka bahari. Roosevelt huyo huyo aliteremka Mombasa Aprili 1909, na katika safari yake ya uwindaji Afrika Mashariki yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512.

Pweza, panya na kanuni

Kurusha vitu barafuni hakukuanza na dubu. Mchezaji akifunga mabao matatu peke yake, kofia hutupwa, na desturi hiyo ni ya miaka mingi. Mjini Detroit hutupwa pweza. Ndugu wawili wauza samaki, Pete na Jerry Cusimano, walimrusha wa kwanza tarehe 15 Aprili 1952, mikono minane ya pweza ikiwakilisha mechi nane ambazo timu ilihitaji kushinda enzi hizo ili itwae Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL. Timu yao ilizishinda zote nane bila kupoteza hata moja, na baada ya hapo nani angeweza kuwaambia pweza ni uchafu?

Aliyeharibu ni panya. Oktoba 1995, kabla ya mechi ya nyumbani ya Florida Panthers, panya aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na mchezaji Scott Mellanby akamtandika kwa gongo, akafa. Usiku huo Mellanby akafunga mabao mawili. Mashabiki wakaanza kutupa panya wa plastiki kila Panthers walipofunga, na kadiri timu ilivyozidi kusonga hadi fainali ya 1996, panya wakawa maelfu. Magolikipa wa timu pinzani walikuwa wakijificha ndani ya nyavu zao.

Ligi ikasema basi. Kanuni ikaandikwa ambayo ipo hadi leo: vitu vikitupwa barafuni, hata baada ya bao, mtangazaji wa uwanjani atatoa onyo, na vikirudiwa timu ya nyumbani itaadhibiwa kwa kutoa mchezaji mmoja nje kwa dakika mbili. Kanuni hiyo hiyo ikaacha mlango wazi kidogo: vitu vinavyorushwa kwa tukio maalumu, kama kofia za mabao matatu, havileti adhabu.

Tofauti kati ya panya na dubu, kwa hiyo, haiko kwenye uzito wala ukubwa. Panya walikuja kila bao, usiku baada ya usiku, na hakuna aliyejua wangekoma lini. Dubu wanakuja mara moja kwa msimu, siku iliyotangazwa miezi kabla, na kila mmoja uwanjani, wageni wakiwemo, anajua watakuja. Usumbufu unaojulikana saa yake huvumilika. Kila aliyewahi kuwa na jirani mwenye harusi anajua hilo.

Kazi ya waandaaji

Bao, likitumiwa kama saa, lina kasoro yake: halina ratiba. Laweza kuja sekunde ya kumi, mashabiki wengine wakiwa bado wanatafuta viti. Laweza kuja dakika ya 58. Laweza lisije kabisa. Ndiyo maana timu nyingi huweka mpango wa akiba: wenyeji wakimaliza bila kufunga, dubu watarushwa king'ora cha mwisho kikilia. Wanarushwa kwa uchungu kidogo, lakini mtoto wa hospitali hajali matokeo.

Kubahatisha huku kunawezekana kwa sababu magongo ya barafuni ni mchezo wa mabao. Kwenye NHL wastani ni karibu sita kwa mechi, timu zote mbili zikijumlishwa, hivyo wenyeji kutoka mikono mitupu hutokea mara chache. Ujaribu kwenye soka uone. Tarehe 26 Februari 2023, mashabiki wa Beşiktaş mjini Istanbul walikuja na wanasesere kwa ajili ya watoto walionusurika tetemeko la ardhi lililoua watu zaidi ya 50,000 nchini Uturuki. Hawakungoja bao. Tetemeko lilipiga saa 10 na dakika 17 alfajiri ya tarehe 6 Februari, ambayo kwa wao wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane ni 4:17. Basi mechi dhidi ya Antalyaspor ilipofika dakika ya 4 na sekunde 17 ikasimamishwa, na midoli na mitandio ikaanza kushuka. Mechi iliisha 0-0. Wangengoja bao, wangerudi nayo nyumbani.

Real Betis ya Sevilla, Hispania, nayo hufanya yake karibu na Krismasi, lakini huchagua mapumziko. Ni uamuzi wa busara kwa soka: dakika 15 za uhakika, wachezaji wako ndani, refa hana la kusema. Watu wa magongo wangesema umati wa mapumziko ni wa baridi. Huenda ni kweli, ila Betis hawajawahi kuhitaji mpango wa akiba.

Tatizo lingine ni bao la uongo. Kisahani kikigonga mwamba na kurudi, taa nyekundu nyuma ya goli ikawaka kwa makosa, au waamuzi wakienda kutazama video na kulifuta bao, dubu wa kwanza huwa tayari wako hewani. Hakuna kanuni ya kumrudisha dubu mkononi. Kinachobaki ni sauti ya mtangazaji, na ndiyo sababu mtangazaji ni mtu muhimu kuliko wote siku hiyo. Yeye huwakumbusha watu kabla ya mchezo: bao la wenyeji tu, si la wageni.

Wanasesere nao wana masharti yao. Wawe wapya, wasiwe na betri wala vipande vigumu, na timu nyingi huomba wafungwe kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko unamkinga mtoto na uchafu, unamkinga dubu na maji ya barafu, na unaikinga barafu na dubu. Unyoya mmoja ulioganda chini ya chuma cha kiatu unaweza kumwangusha mchezaji anayekwenda mbio za gari la mjini, na ndiyo maana barafu hukaguliwa na kusafishwa vizuri kabla ya kisahani kudondoshwa.

Mashabiki wanaokaa nyuma ya magoli wana shida ya peke yao. Huko hutandazwa wavu mrefu wa kuwakinga watazamaji. NHL iliulazimisha baada ya msichana wa miaka 13 kupigwa na kisahani mjini Columbus mwaka 2002 na kufariki. Wavu unaozuia kisahani kutoka unazuia pia dubu kuingia. Anayeketi huko lazima arushe juu sana, au ashuke na kumpitisha pembeni.

Mafanikio yanapokuwa mzigo

Kwa dubu 2,400 wa Kamloops kila kitu kilikaa sawa. Watu kadhaa wenye mifuko, na mchezo ukarudi. Lakini jambo jema likitangazwa hukua. Calgary Hitmen, timu ya vijana inayocheza kwenye ukumbi wenye viti zaidi ya 19,000, ilifika 26,919 mwaka 2007, kisha 28,815 mwaka 2015. Hiyo ni kama dubu mmoja na nusu kwa kila kiti. Hershey wakaja na mahesabu mengine kabisa: 45,650 mwaka 2019, 52,341 mwaka 2022, 67,309 mwaka 2023, 74,599 mwaka 2024, halafu wale laki moja na ushee. Ukijumlisha matukio hayo matano unapata 342,242. Hakuna anayeleta dubu kumi mkononi. Watu wanachangishana, wanaleta kwa mifuko.

Mwaka 2019 kusafisha barafu huko Hershey kulichukua takriban dakika 40. Hapo neno kusimama kwa mchezo linaanza kubadilika maana. Dakika tano mchezaji anakunywa maji. Dakika 40 misuli yake imeshapoa, na golikipa, ambaye hana pa kukimbilia, amegeuka mti.

Kuna kanuni ya zamani inayosaidia hapa, na wengi wa mashabiki hawaijui. Kwenye NHL, mchezo ukikumbwa na ucheleweshaji usio wa kawaida ndani ya dakika tano za mwisho za kipindi cha kwanza au cha pili, mwamuzi anaweza kuamuru mapumziko yachukuliwe papo hapo. Timu zinaingia ndani, zinapumzika kama kawaida, zinarudi kumalizia dakika zilizobaki, kisha zinabadilishana upande na kuanza kipindi kinachofuata bila kupumzika tena. Kanuni haitaji dubu. Lakini inaonyesha namna ya kufikiri: kama huwezi kufupisha usumbufu, uhamishe uingie mahali ambapo mapumziko yangekuwepo hata hivyo.

Hata siku ya kalenda ina maana yake. Matukio matatu ya Hershey ya 2023, 2024 na 2025 yote yaliangukia Jumapili, mwanzoni mwa Januari. Kwa kuiacha Krismasi ipite, klabu imekubali kwamba dubu hawa si zawadi za sikukuu. Wanagawiwa kwa mashirika ya hisani, na mtoto anayelazwa Agosti anamhitaji dubu kama anayelazwa Desemba.

NHL yenyewe imebaki ikiangalia kwa mbali. Ratiba yake ya televisheni haina dakika 40 za kugawa. Ina njia nyingine zisizogusa barafu. Tangu 1998 ligi hiyo na chama cha wachezaji huendesha kampeni dhidi ya saratani, na mashabiki huinua kadi walizoandika majina ya wanaowapigania. Hakuna kinachoanguka, hakuna cha kuokota. Kuna pia bahati nasibu ya nusu kwa nusu: nusu ya fedha kwa mshindi, nusu kwa hisani. Wauzaji hupita kwenye ngazi na namba hutangazwa mchezo ukiwa umesimama. Mwaka 2020, mechi zikichezwa bila watazamaji, mfuko wa hisani wa Edmonton Oilers uliuza tikiti hizo kwa intaneti na chungu kikafika mamilioni ya dola. Kwa fedha, njia hiyo inamshinda dubu mbali sana. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuomba arudishwe uwanjani mwakani ili anunue tikiti ya bahati nasibu.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Jijini Nairobi upo uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli kwenye Barabara ya Mombasa, na huko ndiko walikolelewa Kenya Ice Lions, waliopelekwa Kanada mwaka 2018 na kucheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Na wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Calgary au Edmonton wanakaa mwendo mfupi tu kutoka kwenye kumbi zenyewe. Kwa hao, msimu ukifika: nunua mwanasesere mpya, mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mwandalie mtoto kiti cha mbele mbali na wavu. Wageni wakifunga kwanza, mshikilie. Taa ikiwaka upande wao na waamuzi wakiwa wameinamia skrini, endelea kumshikilia. Mpaka mtangazaji aseme bao ni halali.